Mlango wa Mahakama na Mkulima Asiye na Ada

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya Kamati ya Elimu ya Chama Kikuu, mbele ya wanachama na viongozi waliokusanyika Mikumi katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama.)



Wasemaji waliotutangulia wamezungumza juu ya mizani, maghala, mbegu na bei, na wamesema vema. Sisi tumepewa fungu lisilo na shangwe. Tumetakiwa tuseme habari ya ada ya mahakama, na namna mtu asiye na uwezo anavyoweza kuomba asamehewe ada hiyo. Huenda wako wanaojiuliza jambo hili laingiaje katika sherehe ya ushirika. Jibu letu ni kwamba mkulima aliyenyang'anywa shamba hana cha kuleta ghalani. Na Chama ambacho wanachama wake wanapoteza mashamba kwa kukosa ada ya kufungulia shauri kitajikuta siku moja kina mizani nzuri na hakina cha kupima.

Twaanza na kosa letu wenyewe, maana sherehe isiyotaja makosa hugeuka kuwa ngoma tu.

Mnakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010. Mto Mkondoa ulivunja kingo zake, maji yakaingia Kilosa na vijiji vya kando, yakaharibu hata Reli ya Kati. Watu wengi walihamia katika mahema. Mmoja wao ni mwanachama mwenzetu, mwenye ekari tatu za mpunga bondeni. Hatutamtaja jina, ijapokuwa wengi wenu mwamjua. Ilipofika masika ya 2010, yeye akiwa bado hemani pamoja na watoto, mtu mwingine aliingia katika ekari zile akalima. Mwenzetu alipomwendea, aliambiwa, "Ngoja nivune, kisha nitakuachia." Mwaka uliofuata akaambiwa vivyo hivyo. Wazee walikaa, Baraza la Ardhi la Kijiji likakaa, ahadi zikatolewa, zote za mdomo. Yeye ni mtu mpole, apendaye kuishi vizuri na jirani. Miaka ikaenda.

Mnamo Novemba 2021 alichoka. Alikwenda Baraza la Kata, ambalo tangu sheria ilipobadilishwa mwaka huo kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kupatanisha tu, nalo likashindwa kuwapatanisha. Likampa cheti cha kuthibitisha hivyo, ili aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hapo ndipo alipokwama. Ilimpasa kulipa ada ya kufungulia shauri, kumlipa mwandishi wa hati, kutoa nakala, na kupata nauli ya kwenda na kurudi. Mpunga wake, aliolima katika kipande cha kukodi, ulikuwa ndiyo kwanza unachipua. Akaja kwetu na barua fupi ya kuomba mkopo juu ya mavuno yajayo.

Tulimwambia asubiri kikao cha Februari. Februari akidi haikutimia. Tulikaa katikati ya Machi 2022, tukakubali ombi lake kwa kauli moja, na mmoja wetu hata alipiga makofi. Fedha zilimfikia mwishoni mwa mwezi, naye akafungua shauri lake mwezi wa Aprili. Siku ya kwanza ya kusikilizwa, upande wa pili uliweka pingamizi la awali: Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 humpa mtu miaka 12 ya kudai ardhi aliyoondolewa, na miaka 12 tangu Machi 2010 ilikwisha Machi 2022. Shauri likatupwa. Hakuna aliyeuliza ekari zile zilikuwa za nani.

Mabibi na mabwana, hatumlaumu mwenyekiti wa Baraza lile. Alifuata sheria iliyo mbele yake. Waliokalia barua tangu Novemba hadi Machi ni sisi. Na lililo baya zaidi ni kwamba wakati wote ule tulikuwa tukitafuta fedha, ilhali sheria ya nchi hii ina mlango mwingine ambao haukuhitaji fedha kwanza. Laiti tungemwelekeza kwenye mlango huo mwezi wa Novemba, hata kama ombi lake lingekataliwa, siku zingebaki za kutafuta ada kwa njia nyingine. Hatukumwelekeza kwa sababu hatukuujua. Kamati ya Elimu iliundwa baada ya aibu hiyo.

Sasa tuuseme mlango wenyewe.

Tunayo Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, iliyotungwa mwaka 1966. Kabla ya hapo Tanganyika ilitumia Sheria ya Mwenendo wa Madai ya India ya mwaka 1908, na sheria yetu ikarithi mengi kutoka humo. Miongoni mwa tulivyorithi ni Amri ya 33, inayohusu mashauri ya watu mafukara. Mambo haya hayakuanzia India, wala hayakuanza juzi. Huko Uingereza, mwaka 1495, wakati wa Mfalme Henry wa Saba, ilipitishwa sheria ya kumruhusu maskini kufungua shauri pasipo kulipia hati zake. Kwa hiyo mkulima wa Ulaya au Kidodi anayeomba msamaha wa ada haombi jambo jipya la kumshangaza karani. (Tunaposema Ulaya twakusudia kata ile yetu ya Kilosa, wageni wasije wakadhani tumevuka bahari.)

Ile Amri yasema nini? Kwa maneno yetu wenyewe, yasema kwamba mtu asiye na uwezo wa kutosha kulipa ada iliyowekwa kwa ajili ya shauri lake aweza kuiomba mahakama imruhusu kuendelea bila kulipa ada hiyo kwanza. Shikeni neno uwezo wa kutosha kulipa ada. Haiulizi kama mtu huyo analala njaa, wala haitaki awe amevaa matambara. Ada ya shauri hupimwa kwa shauri lenyewe, na uwezo wa mtu hupimwa kwa ada hiyo. Mtu aliye na kuku watano na nyumba ya bati anaweza kabisa kuwa hana uwezo wa kulipa ada fulani.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo, maana neno lenyewe limewafukuza watu wengi kuliko hata ada. Sheria ya asili ilitumia neno la Kiingereza ambalo Kiswahili chake ni fukara. Tulipolitaja neno hili kwa mara ya kwanza katika mkutano wa chama kimoja cha msingi, mzee mmoja alisimama akasema, "Mimi nina jembe, nina mke, nina wajukuu, na nina hisa katika Chama hiki. Fukara ni nani hapa?" Watu walicheka, naye akaketi kwa hasira. Nasi twaona kwamba alikuwa na haki ya kukasirika. Katika lugha yetu fukara ni hohehahe, mtu asiye na mbele wala nyuma. Wenzetu wa India waliliona hilo: mwaka 1976 waliliondoa neno lile katika sheria yao, wakaweka jingine lenye maana ya mtu asiye na uwezo. Na hapa kwetu, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 humtazama yule ambaye uwezo wake hautoshi kumwajiri wakili. Basi mzee wetu, ukiliona neno fukara katika karatasi ya mahakama, lisome kama kipimo cha mfuko wako siku ile. Heshima yako haimo.

Ombi lenyewe huandikwa hivi. Kwanza huwekwa mambo yote ambayo yangekuwamo katika hati ya madai ya kawaida: nani anadai, anamdai nani, anadai nini, jambo lilitokea lini na wapi. Pili huambatanishwa orodha ya mali ya mwombaji, inayohamishika na isiyohamishika, pamoja na thamani ya kila kitu kwa makadirio. Tatu, mwombaji hutia sahihi na kuthibitisha kwamba aliyoyasema ni kweli. Kisha hulipeleka yeye mwenyewe, isipokuwa kama sheria imemruhusu kumtuma mtu kwa sababu maalumu. Twalisisitiza hili la kwenda mwenyewe kwa ajili ya akina mama, maana imekuwa desturi kumtuma kaka au shemeji. Mahakama yaweza kumhoji mwombaji papo hapo juu ya shauri na juu ya mali yake, na shemeji hawezi kujibu ni magunia mangapi yaliyobaki chini ya kitanda cha mwingine.

Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Zamani kizuizi kilikuwa hapo pia. Leo mkulima anayeweza kuandika barua ya kuomba mbegu anaweza kuanza kuandika ombi hili, na panapomshinda, wako wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na ile Sheria ya mwaka 2017. Hao si mawakili, wala hawaruhusiwi kusimama mahakamani badala yako. Lakini waweza kukuelekeza, kukufundisha na kukupeleka kwa wanaoweza. Msaada wao hautozwi fedha. Mtu akikwambia yeye ni msaidizi wa kisheria, kisha akataja bei, jua umepotea njia.

Orodha ya mali ndiyo inayoangusha maombi mengi, na hapa twaomba msikilize kwa makini. Mtu akiona neno orodha hushikwa na hofu, akaanza kuficha. Huacha kutaja ng'ombe aliyemweka kwa mjomba. Husahau pikipiki kwa kuwa kadi yake ina jina la mwanawe. Ombi haliamuliwi gizani. Upande wa pili hupewa taarifa, na Serikali nayo hupewa taarifa, kwa kuwa ada ni fedha ya Serikali. Na kila mmoja ana nafasi ya kuja kusema kwamba mwombaji huyu anao uwezo. Je, jirani anayegombea shamba nawe hamjui ng'ombe wako? Anamjua hata kwa rangi. Ukikutwa umeficha ng'ombe mmoja, hakimu hataamini hata yale uliyosema kweli.

Kadhalika ombi hukataliwa ikiwa katika miezi miwili kabla ya kuliwasilisha mwombaji aliuza au kugawa mali yake kwa hila ili aonekane hana kitu. Hukataliwa pia ikiwa maelezo yake hayaonyeshi madai yoyote ya kisheria. Tena hukataliwa kwa jambo moja ambalo katika wilaya yetu limezoeleka mno: kupatana na mtu mwingine juu ya mali inayogombaniwa, hata mtu huyo akawa na maslahi ndani yake. Mnawajua watu hawa. Husema, "Mimi nitakulipia kila kitu, tukishinda nipe ekari moja." Aliyekubali maneno hayo ameiuza kesi yake kabla haijaanza, na mlango tunaousema amejifungia.

Ombi likikubaliwa, huandikishwa kuwa shauri kamili, na mdai haendelei kudaiwa ada ya mahakama. Lakini tusidanganyane kwamba hiyo ni sadaka. Gharama za kupeleka hati kwa upande wa pili zaweza kubaki juu yake. Akishinda, ada ile ambayo angeilipa mwanzo huhesabiwa, nayo Serikali huwa ya kwanza kuidai kutoka katika kile alichokipata. Akishindwa, aweza kuamriwa ailipe; na mshindi naye aweza kudai gharama zake. Na hata katikati ya safari, ikionekana kwamba amepata uwezo, au kwamba anafanya utovu wa adabu katika kuendesha shauri, ruhusa ile yaweza kuondolewa. Kwa hiyo mlango huu si wa kumwendea jirani kwa chuki. Sisi twaulinganisha na pembejeo za mkopo: unachukua mbegu leo, unalipa mavuno yakija. Tofauti ni kwamba mkopeshaji huyu hatozi riba, wala hakai kikao kisichotimia akidi.

Je, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya nalo lafuata Amri hiyo? Baraza lina kanuni zake, na pale kanuni hizo zisipotosha, sheria iliyoliunda huliruhusu kutumia Sheria ya Mwenendo wa Madai. Hiyo ndiyo sababu twasema aliyekwama kwa ada na apeleke ombi lake huko kwa maandishi, asiishie kulalamika dirishani. Mahakama ya Mwanzo ina kanuni zake mbali, za tangu 1964; anayekwenda huko kwa mirathi au madai madogo na amwone hakimu mapema, aeleze hali yake kabla ya siku kumpita. Na wale ndugu zetu wanaofanya vibarua katika mkonge na miwa, wakiachishwa kazi isivyo halali, hupeleka malalamiko yao Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako hakuna ada ya kufungulia. Ila wana siku 30 tu tangu kuachishwa. Migogoro ya sisi kwa sisi ndani ya ushirika ina njia yake, ya kupatana kwanza na kisha kwa Mrajis, wala si habari ya leo.

Jambo moja latupasa kulisema polepole. Karani aliye dirishani hana mamlaka ya kukusamehe ada. Kazi yake ni kukupa namba ya malipo. Ukimlilia yeye, atakujibu kwa haki kabisa, "Hapa ni kulipa." Mwenye mamlaka ni hakimu, jaji au mwenyekiti wa Baraza, na humfikia kwa ombi lililoandikwa. Wengi wetu tumekwenda dirishani, tukaambiwa neno hilo, tukarudi nyumbani tukidhani Serikali imetukatalia. Serikali ilikuwa haijaulizwa.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya hisani, na kwamba mahakama haiwezi kuendeshwa bure. Ni kweli kwamba haiwezi kuendeshwa bure. Lakini Katiba yetu, katika Ibara ya 107A, inazitaka mahakama zitende haki kwa wote bila kujali hali ya mtu ya kijamii au ya kiuchumi. Na maneno hayo yamekwisha kupimwa. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2000, Bwana Julius Ishengoma Francis Ndyanabo, aliyegombea ubunge katika jimbo la Nkenge, alitaka kupinga matokeo mahakamani. Sheria ya Uchaguzi ilikuwa imebadilishwa, ikamtaka mlalamikaji aweke kwanza dhamana ya shilingi 5,000,000 ndipo shauri lisikilizwe. Aliipinga sheria yenyewe, na mwezi wa Februari 2002 Mahakama ya Rufani, ikiongozwa na Jaji Mkuu Barnabas Samatta, ilikitangaza kifungu kile kuwa kinyume cha Katiba, kwa kuwa kiliwafungia njia ya haki wale wasio na fedha hizo. Yule alikuwa mgombea ubunge. Ikiwa mgombea ubunge aweza kuzuiwa na fedha, mwenye ekari tatu je?

Hata hivyo umaskini peke yake hauwezi kusimamisha saa. Katika Rufaa ya Madai Namba 1 ya mwaka 2002, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba ukosefu wa fedha kwa kawaida si sababu ya kutosha ya kuongezewa muda. Lakini katika shauri lile, kwa kuwa aliyechelewa alikuwa mjane aliyekuwa akitegemea msaada wa kisheria, mahakama haikuidharau hoja yake. Twawaomba msichukue nusu ya habari. Anayetaka kukata rufaa kutoka Baraza la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ana siku 45. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ana siku 30. Tangu Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kilipofunguliwa Morogoro mwaka 2021, safari ya kwenda Mahakama Kuu imefupika, maana zamani tulilazimika kwenda Dar es Salaam. Lakini siku hazikuongezeka. Mtu aende akiwa angali na siku mkononi, na kama hana ada, apeleke ombi la kusamehewa, asingoje mavuno.

Bwana Mwenyekiti, sasa tuje kwetu. Katika Bodi kumekuwa na mabishano, nayo si siri. Wako wajumbe waliopendekeza Chama kianzishe mfuko wa kuwalipia wanachama ada za mahakama. Ni wazo la huruma, na twawaheshimu waliolitoa. Sisi hatukubaliani nalo. Mfuko wa namna hiyo utakwisha kwa mashauri ya wenye sauti kubwa mikutanoni. Mjane wa pembezoni atafika ukiwa mtupu. Pia utatutia katika ugomvi, kwani aghalabu wanaogombania shamba wote wawili ni wanachama. Je, tutamlipia yupi? Kuliko kuweka fedha, twaona afadhali Chama kitoe kile kilicho nacho na ambacho hakuna mwingine anacho: ukweli ulioandikwa katika madaftari yetu.

Mwombaji wa msamaha wa ada hutakiwa kuonyesha mali na mapato yake. Nani ajuaye mapato ya mkulima kuliko chama chake cha msingi? Sisi twajua alileta magunia mangapi, alilipwa kiasi gani, alikatwa kiasi gani kwa pembejeo, ana hisa ngapi, anadaiwa nini. Karatasi moja yenye mambo hayo, iliyotiwa sahihi na katibu na muhuri wa chama, ikiwekwa pamoja na barua ya mtendaji wa kijiji, humwondolea hakimu kazi ya kubahatisha. Lakini karatasi hiyo iwe kweli tupu. Tumesikia kwamba katibu mmoja alimwandikia rafiki yake magunia manne badala ya kumi na manne. Upande wa pili ulikuwa na stakabadhi za mizani. Ombi likaanguka, na tangu siku ile karatasi za chama kile hutazamwa kwa jicho la pembeni, hata zinapobebwa na mtu mkweli.

Kwa sababu hiyo Kamati imeomba, na Bodi imeridhia, kwamba mwanachama akiomba taarifa ya hisa na mavuno yake kwa ajili ya mahakama, apewe ndani ya siku tatu, bila malipo, bila kikao. Akidi isiulizwe. Katibu anayechelewesha ajieleze kwa maandishi. Twajua makatibu wana kazi nyingi wakati wa msimu, na wengine wamekwisha kutununia. Nasi tuliwahi kuwa na kazi nyingi, tangu Novemba hadi Machi.

Kuna jambo la mwisho, nalo twalitaja kwa uchungu. Wilaya hii inajua kinachotokea watu wanapokata tamaa ya kusikilizwa. Tarehe 8 Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Hatusemi kwamba ada ya mahakama ndiyo iliyoleta msiba ule. Chanzo chake kilikuwa na mizizi mingi, na walioandika juu yake wamebishana sana. Lakini kila mmoja wetu amekaa na kijana aliyesema, "Mahakamani ni kwa wenye fedha, mimi nitamaliza kwa njia yangu." Kijana huyo akijua kwamba hakimu aweza kumsikiliza kabla hajalipa, walau tutakuwa na neno la kumjibu. Siku hizi, anaposema hivyo, wazazi wengi hutazama chini.

Yule mwenzetu wa ekari tatu yupo hapa leo, safu ya nyuma. Bado analima kipande cha kukodi, na ekari zake anazipita kila asubuhi akienda shambani. Mwaka uliopita tulimwomba aingie katika Kamati ya Elimu, tukidhani atatukatalia. Alikubali kwa sharti moja, kwamba mwanachama yeyote akija na barua ya mambo ya ardhi, barua hiyo isomwe siku ile ile na tarehe ya tukio ipigiwe mstari kwa kalamu nyekundu. Kalamu ameileta yeye mwenyewe. Imefungwa kwa uzi katika daftari la Kamati, na tangu hapo imekwisha kupiga mstari katika barua kumi na moja.

Baada ya chakula, wajumbe wawili wa Kamati watakaa chini ya ule mwembe karibu na ghala. Mwenye shauri linalokaribia siku zake na aje na karatasi zake.